Ndoa iliyommaliza mbung'o wa Unguja

Mapema Septemba 1996, katika wiki ya 36 ya mwaka huo, mtego uliotegwa kisiwani Unguja ulimnasa mbung'o jike. Dume wa mwisho mzaliwa wa kisiwa alikuwa amenaswa wiki nne kabla yake. Baada ya jike huyo hakupatikana mwingine. Hata hivyo, ndege ndogo zilizokuwa zikimwaga mbung'o kutoka angani mara mbili kwa wiki hazikusimama. Ziliendelea kuruka hadi Desemba 1997, zaidi ya mwaka mzima, juu ya kisiwa ambacho mitego yake haikuonyesha tena mbung'o wa asili.

Naam, zilikuwa zikimwaga mbung'o. Kati ya Agosti 1994 na Desemba 1997, madume zaidi ya milioni 8.5 walirushwa juu ya Unguja. Walikuwa wamefugwa Tanga, wakapigwa miale ya gama hadi wakawa tasa, wakafungashwa kwenye maboksi na kuachiwa juu ya mistari iliyopishana kwa kilomita 1 hadi 2. Mdudu alikuwa anaondolewa kwa kuongezewa wenzake.

Habari hii husimuliwa kama ushindi wa teknolojia ya nyuklia, na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, lililoshirikiana na serikali za Tanzania na Zanzibar, lina haki ya kujivunia. Lakini miale ilikuja mwishoni. Kilichomshinda mbung'o wa Unguja ni kujulikana kwa maisha yake ya ndani: anapandwa mara ngapi, mimba yake ni ya siku ngapi, anazaa wangapi, anaruka hadi wapi. Ujuzi huo ulikusanywa kwa zaidi ya nusu karne, sehemu kubwa katika mapori ya Tanganyika, na watu waliotembea kwa miguu wakihesabu nzi.

Mzazi wa mmoja mmoja

Mbung'o, ambaye wafugaji wengi wa bara humwita ndorobo, hana chakula kingine ila damu. Dume anauma, jike anauma. Akimuuma mnyama mwenye kimelea aitwaye tripanosoma, humnyonya pamoja na damu. Kimelea huzaliana ndani ya nzi, kisha hukaa tayari mdomoni au kwenye mate akisubiri mnyama mwingine aumwe.

Ng'ombe aliyeambukizwa hupata nagana. Homa huja na kuondoka, damu hupungua, maziwa hukauka, mimba hutoka, na mnyama hukonda hadi kufa. Kwa binadamu, jamii nyingine za kimelea hicho huleta malale. Ugonjwa huanza kwa homa na maumivu ya kichwa kama magonjwa mengine mengi, halafu vimelea huvamia ubongo. Mgonjwa husinzia mchana na kukesha usiku, akili huvurugika, na asipotibiwa karibu kila mara hufa.

Aliyethibitisha kwamba nagana inatokana na tripanosoma aenezwaye na mbung'o ni daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, aliyefanya kazi yake Zululand kuanzia mwaka 1895. Miaka michache baadaye malale iliwaka kando ya Ziwa Victoria, hasa Busoga na visiwa vya Uganda. Mwaka 1903, kutokana na kazi ya Bruce na ya Mwitalia Aldo Castellani huko Entebbe, ikajulikana kwamba nako mwenezaji ni mbung'o. Inakadiriwa kuwa watu wapatao 250,000 walikufa katika mlipuko huo wa miongo miwili ya mwanzo ya karne iliyopita. Serikali ya kikoloni, ikiwa haina dawa ya kuaminika, ilihamisha watu wa pwani za ziwa na kuacha vijiji vitupu.

Kumjua mwenezaji, hata hivyo, si kumweza. Njia ya kumweza ilijitokeza watafiti walipochunguza uzazi wake. Mbu jike hutaga mayai mia na zaidi kwa mkupuo mmoja. Mbung'o hatagi. Yai moja huanguliwa ndani ya mfuko wake wa uzazi, na buu hulelewa humo humo kwa majimaji yenye lishe, mfano wa maziwa, hadi anakaribia uzito wa mama yake. Baada ya siku 9 au 10 mama humzaa, buu hujichimbia udongoni, ngozi yake hugeuka ganda gumu la pupa, na kwa muda wa takriban mwezi mmoja hukaa humo kabla ya kutoka akiwa nzi kamili. Kisha mama huanza mimba nyingine, ya mtoto mmoja tena.

Jike huyo kwa kawaida hupandwa mara moja tu, siku za mwanzo za maisha yake. Mbegu alizopata siku hiyo huzihifadhi mwilini na kuzitumia kwa kila mimba hadi kufa kwake. Hapo ndipo penye udhaifu wake mkubwa. Mdudu wa uzazi huu hana namna ya kufidia vifo vingi: mahesabu ya watafiti waliofanya kazi Zimbabwe yalionyesha kwamba majike wakiongezewa vifo vya asilimia 4 tu kwa siku, na hali hiyo ikadumishwa, jamii nzima huelekea kutoweka. Na jike akikosea mume, amekosea maisha yake yote.

Pori la Shinyanga

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ilipita Afrika Mashariki na kuteketeza ng'ombe. Palipokosekana mifugo na watu, vichaka vilirudi, wanyamapori wakaongezeka tena, na mbung'o akafuata. John Ford, mtafiti aliyeanza kazi yake ya mbung'o Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1930, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1971 kwamba jamii za Kiafrika zilikuwa zimejua kuishi na adui huyu kwa namna walivyolima, walivyochunga, walivyochoma moto na kupanga makazi. Ukoloni ulivuruga mpangilio huo, kisha ukaja kupambana na matokeo yake.

Mapambano hayo yalipata makao Shinyanga. Charles Swynnerton, aliyekuwa mkuu wa idara ya wanyamapori ya Tanganyika, alihamasisha maelfu ya wakulima wa Kisukuma kufyeka na kuchoma vichaka, na baadaye akaongoza idara maalumu ya utafiti wa mbung'o. Jamii moja ya mbung'o inayoishi hata leo katika eneo la Serengeti, Glossina swynnertoni, imepewa jina lake. Alikufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938.

Kazi ya kila siku ya idara hiyo ilikuwa kutembea. Vikundi vidogo vilifuata njia ile ile iliyopimwa porini, pengine vikimtanguliza ng'ombe wa chambo, vikisimama kila baada ya hatua kadhaa kukamata mbung'o kwa vyandarua vya mkono na kuandika idadi. Mtafiti C. H. N. Jackson alitumia mfumo wa madoa ya rangi: nzi aliyekamatwa aliwekewa doa mgongoni, akaachiwa, na alipokamatwa tena doa lilieleza alikotoka na siku zilizopita. Kutokana na madoa hayo Jackson aliweza kukadiria jumla ya nzi wa pori zima, wangapi wanakufa na wangapi wanahamia. Njia za namna hiyo hutumika leo kukadiria wanyama wa kila aina, kuanzia samaki hadi popo.

Waliokamata nzi hao kwa mikono yao walikuwa Waafrika, vijana wa maeneo hayo hayo, na miili yao ilikuwa sehemu ya chambo. Majina yao ni nadra kuonekana kwenye machapisho ya wakati ule. Bila wao pasingekuwa na namba za kuchapisha.

Jaribio la ajabu kuliko yote lilifanywa miaka ya 1940 na F. L. Vanderplank. Aligundua kwamba dume wa Glossina morsitans humpanda jike wa Glossina swynnertoni bila kusita, na kinyume chake, lakini ndoa hizo mchanganyiko huzaa kidogo sana na watoto wachache wanaopatikana hawana uzazi wa maana. Akafikiri: itakuwaje kipande cha pori kikijazwa jamii isiyo yake? Wenyeji wa pori kavu walikuwa G. swynnertoni. Vanderplank akamwaga humo pupa wa G. morsitans, wapatao laki moja, waliookotwa kwingine. Majike wenyeji walipandwa na wageni, uzazi ukakwama, na jamii yao karibu ikatoweka. Wageni nao hawakulivumilia pori lile kavu, wakafuata.

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza mdudu mwenezaji wa ugonjwa kupigwa porini kwa silaha ya ndoa yake mwenyewe. Marekani, Edward Knipling alikuwa na wazo linalofanana tangu miaka ya 1930, na mwaka 1954 yeye na wenzake walilithibitisha kwa kuwamaliza nzi wa funza wa vidonda katika kisiwa cha Curaçao kwa kutumia madume waliofanywa tasa kwa miale. Dunia ikajifunza kutoka Curaçao. Shinyanga ilisahaulika.

Kutoka Mkwaja kuvuka bahari

Wazo lilirudi Tanzania likiwa limevaa nguo mpya. Katika miaka ya 1970, maabara ya Tanga ilianza kufuga mbung'o kwa wingi, na madume tasa wakaachiwa katika ranchi ya Mkwaja, kusini mwa Pangani, eneo ambalo leo ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Mbung'o walipungua sana lakini hawakwisha. Ranchi ilizungukwa na pori lenye mbung'o, na nzi hajui mpaka wa shamba.

Somo lilikuwa wazi: njia hii inahitaji eneo ambalo jirani hawezi kulivamia. Unguja ilifaa. Ni kisiwa cha kilomita za mraba zipatazo 1,600, mkondo wa bahari unakitenga na bara, na mbung'o wake ni wa jamii moja tu, Glossina austeni, mpenda vichaka vizito na misitu ya pwani. Hapakuwa na malale Unguja, lakini nagana ilifanya ufugaji wa ng'ombe wa maziwa kuwa bahati nasibu.

Kazi ilianza mwaka 1988 bila dume tasa hata mmoja. Ng'ombe walimwagiwa mgongoni dawa ya kuua wadudu, na vitambaa vilivyolowekwa dawa vikatundikwa katika baadhi ya misitu. Mbung'o wakapungua kila mahali, lakini penye vichaka visivyopitika, kama Jozani, walibaki. Hapo ndipo dawa inapofika mwisho wake: haimpati nzi asiyekutana na ng'ombe wala kitambaa. Dume humpata jike popote alipojificha, kwa sababu kumtafuta ndiyo kazi yake. Ndiyo maana madume tasa huingizwa baada ya dawa kupunguza wenyeji, wakati majike waliobaki ni wachache na wametawanyika.

Tanga, kufuga mbung'o kulihitaji kuwadanganya. Damu ya ng'ombe iliwekwa chini ya utando mwembamba wa silikoni uliopashwa joto, nzi wakautoboa kama ngozi na kunyonya. Madume walipigwa miale kwa kiasi cha kuharibu mbegu bila kumwondolea nzi nguvu ya kuruka na kuoa. Mbegu hizo zilikuwa bado hai, zikalirutubisha yai, lakini kijusi kikafa mapema. Jike alibeba mimba isiyokua, akaitoa, akaanza nyingine kwa mbegu zile zile mbovu.

Kisha ikaja kazi ya kuhesabu. Glossina austeni hapendi mitego ya kawaida, kwa hiyo watafiti walitumia vibao vya buluu na nyeupe vilivyopakwa gundi. Kufikia katikati ya mwaka 1995 kulikuwa na madume tasa zaidi ya 50 kwa kila dume mmoja wa asili, na mwisho wa mwaka huo zaidi ya 100. Majike waliokamatwa walipasuliwa chini ya hadubini. Mwanzoni mwa 1994, majike vijana wenye mimba iliyokufa au mfuko wa uzazi uliobaki mtupu hawakufika asilimia 25. Mwishoni mwa 1995 walizidi asilimia 70. Mifuko ya mayai, ambayo humwonyesha mtafiti umri wa jike, ikaeleza jambo jingine: karibu wote waliosalia walikuwa wazee. Hapakuwa tena na watoto wa kuchukua nafasi zao. Mwanzoni mwa 1996 jamii nzima ikaporomoka.

Baada ya jike wa Septemba, mradi uliendelea kumwaga madume kwa muda unaotosha vizazi 6 vya mbung'o. Ng'ombe walipimwa damu kuona kama nagana imebaki. Tahadhari hiyo ilikuwa na sababu. Jike mmoja mwenye mimba, akibaki kichakani bila kuonekana, angetosha kuanza upya.

Faida ilionekana mazizini. Kwa tathmini za Shirika la Nguvu za Atomiki, uzalishaji wa maziwa Unguja uliongezeka karibu mara tatu kati ya mwaka 1985 na 1999. Si yote ni kazi ya dume tasa; sera za mifugo na soko la hoteli vilichangia. Lakini mfugaji mdogo hawezi kununua ng'ombe chotara, anayekufa upesi kwa nagana kuliko wa kienyeji, katika kisiwa chenye mbung'o.

Bara hakuna bahari

Swali ambalo huulizwa mara moja ni kwa nini bara lisifanyiwe vivyo hivyo. Jibu ni lile la Mkwaja. Pori la magharibi ya Tanzania limeungana, lina jamii kadhaa za mbung'o, na kila jamii inahitaji madume wake. Senegal imepiga hatua kubwa katika ukanda wa Niayes kwa sababu mbung'o wa huko wametengana na ndugu zao wengine kwa ardhi kavu, ambayo imefanya kazi ya bahari. Ethiopia, iliyojaribu katika Bonde la Ufa la kusini, imekuta kazi ngumu zaidi.

Kwa hiyo bara watafiti wamegeukia upande mwingine wa maisha ya mbung'o: pua na macho yake. Zimbabwe, Glyn Vale na wenzake walionyesha kwamba nzi huyu humfuata ng'ombe kwa harufu ya pumzi yake. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, icipe, kilichoanzishwa mwaka 1970 na Thomas Odhiambo, kiliunda huko Nguruman mtego wa kitambaa wenye chambo cha mkojo wa ng'ombe, kitu ambacho Mmasai yeyote anacho zizini. Baadaye watafiti wake walijiuliza kwa nini kuro, swala anayekaa karibu na maji penye mbung'o tele, haumwi sana. Walikuta harufu ya mwili wake inamchukiza mbung'o, wakaiiga, wakaitia kwenye kola ya kuvalishwa ng'ombe, na kuijaribu kwa wafugaji wa Kwale kando ya Shimba Hills. Kaskazini-magharibi mwa Uganda, vitambaa vidogo vya buluu vyenye dawa, vya sentimita 25 kila upande na kipande cha neti pembeni, vimetundikwa kando ya mito. Kwa mbung'o wa mtoni vina gharama nafuu kuliko vitambaa vikubwa vya zamani, na ni rahisi kwa wanakijiji kuvitundika wenyewe.

Tiba nayo imesogea. Kwa miongo kadhaa mgonjwa wa malale ambaye vimelea vimeingia ubongoni alidungwa melarsoprol, dawa yenye aseniki iliyoua takriban mgonjwa 1 kati ya 20. Mwaka 2018 ilipitishwa feksinidazoli, ya vidonge, baada ya majaribio yaliyofanywa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Tangu mwaka huo wagonjwa wanaoripotiwa Afrika nzima hawafiki 1,000 kwa mwaka, na Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani liliithibitisha Kenya kuwa imeiondoa malale kama tatizo la afya ya umma.

Hatari iko katika furaha hiyo. Bara hili liliwahi kufika hapa. Katika miaka ya 1960 wagonjwa walioripotiwa walikuwa chini ya 5,000 kwa mwaka Afrika nzima. Timu za vijijini zikavunjwa, magari yakapelekwa kwenye kazi nyingine, wataalamu wakastaafu bila warithi, vita vikafunga barabara. Mwaka 1998 waliripotiwa karibu 40,000, wengi wao Kongo, na wengi zaidi hawakufikiwa na daktari yeyote. Malale ya mashariki, inayopatikana Tanzania na Uganda, ina jambo la ziada: kimelea wake hukaa pia kwa nyati, pongo na ng'ombe, kwa hiyo kutibu watu wote leo hakumfuti. Kinachoweza kumzuia ni kumjua mbung'o aliko, mwaka hadi mwaka.

Hapo ndipo bajeti zetu hukosea. Fedha hufuata wagonjwa, na wagonjwa wakipungua, kituo cha utafiti hukosa mafuta ya gari la kukagulia mitego. Unguja ilifanya kinyume: ilitumia zaidi ya mwaka wa safari za ndege baada ya nzi wa mwisho kunaswa, ikijua kwamba sifuri isiyohakikiwa si sifuri. Halmashauri yenye pori la mbung'o inapaswa kuulizwa na wananchi wake, hata kama hospitali ya wilaya haijapokea mgonjwa wa malale kwa miaka 10, mitego mingapi ilikaguliwa mwaka huu, na nani anasoma majibu yake.